Shangazi Alipopewa Ruhusa

Shangazi yangu alilazwa siku 11 kwa kiharusi katika hospitali moja ya mkoa hapa Tanzania, kisha daktari akampa ruhusa. Juu ya matibabu sina neno: presha ilikuwa imeshuka, dawa ziliandikwa vizuri na tarehe ya kliniki tulipewa. Lakini hakuna aliyeuliza anakwenda kuishi na nani. Ni mjane, anakaa na mjukuu wa miaka 9, choo chake cha shimo kiko nyuma ya nyumba, na upande wake wa kulia wote ulikuwa umepooza. Wiki tatu baadaye tulimrudisha wodini akiwa na kidonda cha kulala muda mrefu bila kugeuzwa, chini ya kiuno, kipana kama kiganja cha mtoto.

Afisa ustawi wa jamii alikuwepo hospitalini muda wote huo, ila sisi tulidhani kazi yake ni msamaha wa gharama tu, na nadhani hata baadhi ya wauguzi humwita pale tu mgonjwa anaposhindwa kulipa au anapokosa ndugu.

Safari ya pili muuguzi alimwita siku ya kwanza. Afisa huyo aliketi pembeni ya kitanda, akauliza nani anapika, nani anamgeuza mgonjwa usiku, na maji yanachotwa wapi. Akampigia simu mwenzake wa halmashauri, naye akazungumza na mtendaji wa kijiji pamoja na mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Kabla ya ruhusa, mimi na binti wa jirani tulikuwa tumefundishwa kumgeuza kila baada ya saa mbili, na fundi alikuwa ameshatengeneza kiti cha mbao chenye tundu, cha kuweka juu ya ndoo.

Tangu Januari 2022 Wizara ya Afya na ile ya Maendeleo ya Jamii zimetenganishwa, lakini katika halmashauri zetu afya, ustawi wa jamii na lishe vimo katika divisheni moja. Kwa hiyo njia ya kushirikiana ipo tayari; kinachokosekana ni desturi ya kumshirikisha afisa ustawi tangu mgonjwa anapolazwa, badala ya kusubiri siku ya bili. Mwenye mgonjwa wa kiharusi wodini leo, naomba amwulizie afisa huyo mapema, bila kungoja aitwe na mtu mwingine.