Zambarau Ujiji, 2015

Oktoba 25, 2015 nilikuwa wakala wa ACT-Wazalendo kwenye kituo kimoja cha kura Ujiji. Chama kilikuwa kichanga bado. Usajili wa kudumu kiliupata 2014, na Zitto Kabwe akajiunga nacho Machi 2015 baada ya kuvuliwa uanachama Chadema. Wengi wetu tulimfuata tukiwa na kadi za zamani mifukoni. Kwa watu wa Ukawa, muungano wa upinzani ulioongozwa na Chadema, sisi tulikuwa wasaliti, "CCM B", na kampeni nzima hatukupumua kwa jina hilo.

Kituo kilikuwa darasani. Mawakala tulibanana kwenye dawati la watoto, magoti yakigusa kidevu. Wa CCM alikuja na chupa ya chai na maandazi akatugawia. Wa Ukawa alikataa, halafu kufika saa sita akala.

Saa kumi jioni foleni ikafungwa, kura zikaanza kuhesabiwa. Msimamizi anainua karatasi, anaigeuza sote tuione, anataja jina, inakwenda kwenye fungu lake. Kwa kura za ubunge, Zitto alitajwa mpaka wakala wa CCM akaacha kuandika, akawa anachungulia daftari langu. Nikatamba kimoyomoyo. Kwenye za urais ndipo nilipoishiwa pozi. Magufuli, Lowassa, Lowassa, Magufuli. Mama Anna Mghwira wetu, mwanamke pekee kati ya wagombea wanane, anasikika kwa kudokoadokoa. Na wapiga kura ni wale wale! Mtu kasimama kwenye kituturi, karatasi moja kampa Zitto, ya pili kaivusha kwa jirani.

Mama yule alistahili zaidi. Tulipita mitaani na Azimio la Tabora, tamko la chama chetu: miiko ya uongozi, ujamaa uliofufuliwa kutoka Arusha, na watu walisikiliza kwa adabu. Lakini aliyetaka kuing'oa CCM alikwisha kumwona Lowassa, waziri mkuu wa zamani aliyehama CCM Julai kwenda Chadema, akawa mgombea wa Ukawa na umati nyuma yake. Nilimuuliza mzee mmoja pale nje mbona wamemtosa mama.

"Mwanangu, Zitto ni wetu. Ikulu ni hesabu nyingine, kura haitupwi."

Nilibishana naye hadi giza likaingia. Hakubadilika.

Tume ilipotangaza, Mghwira alikuwa wa tatu: kura 98,763, asilimia 0.65. Wa tatu, ndiyo, lakini Lowassa wa pili alikuwa na zaidi ya milioni 6 na Magufuli zaidi ya milioni 8.8. Bungeni tulipata jimbo moja nchi nzima, hili letu la Kigoma Mjini, pamoja na halmashauri ya Kigoma-Ujiji. Asilimia 5 ya kura za ubunge inayokipa chama viti maalum hatukuifikia, hivyo Zitto akaenda Dodoma peke yake. Hapa kwetu hakuna aliyejali. Vijana walizunguka na bodaboda, vitambaa vya zambarau, rangi ya chama, vikipepea hadi Mwanga, utadhani tumechukua nchi.

Huko Mwanga ndiko nilikokutana na yule wakala wa Ukawa.

"Hongera kwa jimbo," akaniambia. "Na rais wenu anaapishwa lini?"

"Siku ile ile anayoapishwa wa kwenu."