Shangazi Ananiita Baba

Huku Ubelgiji mimi ni tarakimu 11 za namba ya utambulisho ya taifa. Sita za kwanza ni tarehe niliyozaliwa, zikianza na mwaka. Tatu zinazofuata ni namba witiri, ndiyo maana karani anajua mimi ni mwanaume kabla hajaniona. Mbili za mwisho ni za kuhakiki hesabu. Nikihama Liège kwenda Namur, namba nahama nayo.

Kwetu Lubumbashi, Kongo, hakuna aliyewahi kutulia hivyo. Baba alizaliwa Elisabethville, mwaka 1966 mji ukabadilishwa jina, akajikuta Lubumbashi bila kuhama nyumba. Mwaka 1972 rais Mobutu akapiga marufuku majina ya Kikristo, na jina lake la ubatizo likafutwa kwenye karatasi, ingawa bibi aliendelea kumwita hilo hilo. Postnomu zetu, yaani jina la ziada linalofuata jina kuu, zilienea wakati huo. Fomu za huku zina nafasi ya majina mawili, mimi ninayo matatu, na mwanangu haitwi jina langu. Naulizwa kama kweli ni wangu.

Mwanafalsafa Mwingereza John Locke aliandika mwaka 1694 kwamba mtu ni yule yule hadi pale ufahamu wake wa yaliyopita unapofika. Roho ya mwana wa mfalme ikiingia mwilini mwa fundi viatu pamoja na kumbukumbu zake zote, huyo ni mwana wa mfalme. Hoja nzuri. Tatizo ni shangazi yangu wa Kenya (komini ya Lubumbashi, si nchi). Nilipewa jina la baba yake, aliyefariki kabla sijazaliwa. Sina kumbukumbu yake hata moja, lakini simu ikilia: "Baba, mutoto yako niko mugonjwa."

Wazungu wakisikia hivi hufurahi. Mwenzangu kazini amemsoma Placide Tempels, padre Mbelgiji ambaye kitabu chake kuhusu falsafa ya Kibantu kilitoka Elisabethville mwaka 1945, basi ananieleza mimi ni nani: nguvu ya uhai, mababu, mtu ni watu. Sikatai. Ila haulizi gharama. Kuwa baba wa mtu aliyekuzidi umri ni dawa, ni ada, ni matanga. Zipo siku naipenda ile namba kwa sababu, ukiacha kodi, haina cha kuniomba.

Na Locke mwenyewe alisema suala la nani ni nani ni la kisheria: tunatafuta wa kuwajibika. Hapo yeye na shangazi wako pamoja. Wanaachana kwenye mpaka tu: kwa Locke nawajibika kwa ninayoyatambua kuwa yangu, kwa shangazi nawajibika pia kwa aliyoyaahidi marehemu.

Ndiyo maana ugomvi wa kiwanja cha babu kilichopo Katuba, komini nyingine ya Lubumbashi, ulipokwama, wajomba na mashangazi waliweka simu mezani wakanisubiri. Inasemekana babu alimwahidi kitinda mimba wake. Nikasema: apewe, nilimwahidi. Wakapokea, wakaanza kujadili nani atalipia mpima ardhi.