Lile Swali Lilikuwa Lake

Leo siku ya nne, na bado nalisikia: "Anaweza kutumia kompyuta?"

Mwajiri aliuliza akinitazama mimi. Dada wa Kibodi, ndivyo ninavyomwita yule dada asiyeona ninayemsaidia kutafuta kazi, alikuwa ameketi pale pale kati yetu, fimbo yake nyeupe ameikunja mapajani. Nami, hata pumzi sikuvuta: "Anaweza, tena ananishinda!" Nikajiona nimemtetea.

Tulipotoka akaikunjua fimbo, pingili baada ya pingili, ndipo akasema taratibu: "Dada, lile swali lilikuwa langu."

Nilikosa la kusema. Miaka sita ndani ya utengamao wa ajira, yaani kuwasaidia watu wenye ulemavu kuingia kazini, nawasomea waajiri Ibara ya 27 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, ile ya haki ya kujipatia riziki kwa kazi uliyoichagua au kuikubali kwa hiari yako. Halafu namnyang'anya mtu jibu lake mdomoni. Ningenyamaza tu. Ningemgeukia. Tumehamishwa ofisi, bosi mpya ameanza, mafaili yangu nusu hayajulikani yalipo, na mimi akili yote iko kwenye lile swali.

Jana ilikuwa siku yake ya kwanza ya majaribio, nikaenda kukaa naye. Tunafanya hivyo siku hizi: mtu anaingia kazini kwanza, mafunzo anayapata huko huko, na mimi napunguza msaada wangu kidogo kidogo. Alinipa kisikilizi kimoja nisikie programu yake ya kusoma skrini. Sauti inakimbia, sikudaka hata neno. Yeye anaifuata huku vidole viko kwenye kibodi, kipanya hakigusi. Mara ikanyamaza. Orodha ya wateja ilikuwa imetumwa kama picha, na ndani ya picha ile haikupata maandishi ya kusoma.

Mkono wangu ulishaanza kunyanyuka kumwita msimamizi. Nikautia mfukoni.

Akaita mwenyewe. "Naomba jedwali lenyewe, hii ni picha, hainisomei." Likaja baada ya dakika chache, na msimamizi akainama akamuuliza yeye: "Na za wiki iliyopita nikutumie hivi hivi?"

"Ndiyo, zote."

Nilitoka nje nikalia kidogo, kwa furaha.