Tia Wewe

Mdogo wangu wa baba mmoja amenitumia ujumbe wa sauti kutoka Maskati: anataka kupika boko boko la mama yake, ule msongo wa ngano na nyama. Harisi za huko ni nzuri, anasema, ila silo lile. Ananiuliza mimi kwa kuwa mama yake sasa ni marehemu, na yeye wakati ule alikuwa bado wa kubebwa. Vipimo vya ngano na nyama nimemwandikia. Mengine sikujua niyaandikeje.

Ilikuwa Iddi ya mwanzo tangu baba atutoke. Eda zilikuwa zimekwisha, na kila mmoja alitaraji kupika chungu chake kama miaka yote, mama kwetu Kikwajuni, Bi Mdogo, mama yake huyu mdogo wangu, kwake Kwahani. Bibi akakataa. Boko boko la wajukuu zangu, alisema, litapikwa kwangu, chungu kimoja. Neno la bibi halikuwa na wa kulirudisha.

Ngano ililowekwa tangu usiku. Nyama ya ng'ombe ilichemka na tangawizi, mdalasini na bizari nyembamba mpaka ikaanza kuachia mfupa. Muda wote huo wajane wawili wa mtu mmoja walizungumza kupitia kwangu. "Mwambie mama'ko moto umezidi." "Mwambie Bi Mdogo makaa kayatia mwenyewe." Sikuwa na haja ya kupeleka chochote, maana walikuwa wanasikiana vizuri.

Lakini boko boko halisongwi na mtu mmoja. Ngano ikishavunjika na nyama ikawa nyuzinyuzi, linavuta, na sufuria yote inafuata mwiko. Lazima mtu aishike. Nilijaribu, ikanishinda. Bi Mdogo akanipokonya matambara, akachutama, akaibana sufuria kwa mikono miwili. Mama akamsimamia na mwiko. Wakawa uso kwa uso, mvuke katikati yao. Mama alisonga kwa nguvu ambazo hata mtoto angejua si za ngano peke yake. Jasho lilimchuruzika, kanga ikamvuka begani, na Bi Mdogo hakuilegeza sufuria hata kidogo, ingawa moto ulimfika vidoleni. Mama alipochoka, mwiko ukahama bila neno. Sasa yeye ndiye aliyechutama.

Bi Mdogo akachota kidogo, akajitilia kiganjani, akaonja. Nilikuwa nimeshajiweka tayari kutumwa. Akamtazama mama mwenyewe.

"Chumvi bado."

Kikopo cha chumvi kilikuwa karibu na goti la mama. Akakisukuma kwa mwenzake.

"Tia wewe."

Aliyelelewa katika nyumba kama zetu anajua uzito wa maneno hayo. Mama hakuwahi kutia kinywani kitu kilichopikwa na Bi Mdogo. Sambusa za futari zikija kutoka Kwahani tulikula sisi watoto. Siku ile alimwachia chungu akitie chumvi, mbele ya bibi, na alikula pamoja nasi.

Hawakuwa marafiki baada ya hapo. Ilikuja mirathi, na yakasemwa maneno ambayo nayo nayakumbuka. Hata hivyo kila Iddi bakuli lilitoka kwetu, samli na vitunguu vya kukaanga juu yake, likaenda Kwahani, na halikurudi tupu.

Ukubwani nilimuuliza mama kama siku ile alikuwa amemsamehe. Akasema ngano ilikuwa imeiva na watoto mlikuwa na njaa, akaendelea kukuna nazi yake. Bado natamani angesema zaidi.