Soksi za mtumba zilivyotusaidia kupima oksijeni ya watoto wodini

Msimu wa mvua, wodi yetu ya watoto katika hospitali ya wilaya huku pwani hulaza watoto zaidi ya 30, na usiku tunabaki wauguzi wawili. Tulipoletewa vifaa vya kuvaa, vinavyopima oksijeni ya damu na mapigo ya moyo kwa mwanga na kutuma namba kwenye skrini mezani petu, nilishukuru sana.

Fundi aliyetufunza alisisitiza tuvifunge kwenye kidole cha mkono, na vikilegea tuongeze plasta. Ushauri huo unanikera hadi leo. Mtoto wa miezi 11 mwenye nimonia alikichomoa kifaa na kukitia mdomoni mara tatu, na nilipokaza plasta kama nilivyoelekezwa, skrini ikaonyesha oksijeni asilimia 71 na mapigo 62 kwa dakika, ilhali mtoto ananyonya vizuri na ulimi wake ni mwekundu. Niliweka stetoskopu kifuani nikahesabu dakika nzima, nikapata mapigo 148. Plasta ilikuwa imebana damu, na kidole kimepoa. Tangu hapo siiamini namba ya oksijeni kabla mapigo ya kifaa hayajakaribiana na niliyoyahesabu mwenyewe.

Nilikihamishia mguuni, sensa ikiwa kwenye dole gumba bila kukazwa, kisha nikamvisha soksi ya mtumba ya bei ya vitumbua viwili vitatu. Soksi ilipasha mguu joto, ikazuia mwanga wa taa usiivuruge sensa, na mtoto, kwa kuwa hakukiona kifaa, akakisahau. Aliyepakwa piko tunamtafutia kidole kisicho na rangi, na kila baada ya saa chache tunabadilisha mguu ngozi isichubuke.

Mama yake aliniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, hiki hakimnyonyi mwanangu damu?" Nilikivaa mimi kwanza, akaitazama taa nyekundu na namba zangu, ndipo akaniachia mguu wa mtoto.

Usiku wa pili, saa tisa, kengele ililia: oksijeni 86, chini ya 90, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linataka mtoto apewe oksijeni. Mapigo yalilingana, kwa hiyo sikuigusa soksi, nikafuata mpira wa oksijeni kutoka puani hadi kwenye mashine, nikaukuta umechomoka. Nilipouchomeka, tulikaa na mama yake tukiitazama namba ikipanda hadi 94.