Chumba cha mafaili tunakilipia kodi

Ofisi ya umma ninayofanyia kazi hapa Nakuru imepanga ghorofa nzima mjini, na kodi huhesabiwa kwa futi za mraba. Chumba kikubwa kuliko vyote, chenye madirisha ya kutazama barabara, hakina mtu. Kimejaa vocha za malipo za miaka ya nyuma zilizofungwa kwa kamba, na viti vilivyovunjika miguu. Sisi makarani tumebanana kando ya korido, na mwananchi anahudumiwa akiwa amesimama. Inaniuma sana, maana pesa hizo ni zake.

Ni kweli nyaraka za serikali hazichomwi ovyo. Sheria inataka kibali cha Hifadhi ya Nyaraka ya Kitaifa. Lakini Hifadhi hiyo hiyo ina kituo hapa Nakuru, kama ilivyo Kisumu na Kakamega, cha kupokea mafaili yasiyotumika tena kila siku. Basi tuyapeleke! Viti navyo vina kamati yake ya kuuza mali chakavu, iitwe ikae.

Halafu kuna mfano wa Huduma Centre, vituo vya serikali vya kuhudumia wananchi, tangu 2013: idara nyingi, ukumbi mmoja, kaunta kando ya kaunta. Wakubwa wetu, kabla ya kutia sahihi mkataba mpya wa pango, leteni futi kamba mpime.