Huku Pikipiki Inaitwa Moto

Wiki yangu ya kwanza Lubumbashi, mwaka 2017, mama mmoja wa Katuba alinivuta mkono akipiga kelele, "Angalia moto!" Nikageuka kutafuta nyumba inayoungua. Kumbe ni pikipiki, nayo ilinipita upande ambao mimi wa Mbeya sikuutazamia, maana Kongo vyombo vinakaa kulia.

Miezi mitatu baadaye nikanunua moto yangu, Boxer ya cc 100. Kazi yangu ni kufuatilia mizigo ya malori yanayotoka Dar kupitia Tunduma na Kasumbalesa, kwa hiyo siku nzima niko njiani. Boxer ilinitosha. Petroli ikiisha kuna Kadafi kila kona, ndivyo wanavyoitwa vijana wanaouza petroli ya chupa. Ikizama kwenye matope ya Ruashi, naishika nyuma naing'oa mwenyewe. Na vumbi jekundu likishanijaa hadi kwenye kope, nani angejua mimi ni Mtanzania? Watu walikuwa wananisimamisha kabisa: "Yaya, unifikishe Kenya." (Yaya huku ni kaka, na Kenya ni komini ya hapa hapa Lubumbashi. Mama yangu hadi leo anashuku nilihamia Nairobi kwa siri.)

Shida ilikuwa barabara ya Likasi. Ni kilomita kama 120, na malori ya shaba yamepangana kama siafu. Kwa nguvu za farasi nane unakaa nyuma ya lori unakula moshi, unachungulia, unajitosa, unafika usawa wa matairi ya katikati, halafu unaona lori jingine linakuja mbele. Unarudi nyuma na moyo mdomoni. Nimefanya hivyo miaka saba.

Basi mhandisi mmoja wa mgodini alipokuwa anarudi kwao, akauza Honda Africa Twin yake, ile CRF1000L. Boxer nikamwachia kijana jirani kwa bei ya kujuana, akiba ya miaka miwili ikafuata. Nikamtumia Mama picha. Akanyamaza kidogo, akasema, "Nzuri, mwanangu. Na bati za huku je?"

Injini ya Boxer ni cc 99, ya huyu mnyama ni 998. Mara kumi. Nguvu zinapita farasi 90, uzito kilo 232 ikiwa na mafuta, na kiti kiko juu sentimita 85 kutoka ardhini. Nikisimama nagusa chini kwa vidole kama mcheza ngoma. Nilidhani kazi itakuwa kuizoea kasi. Kilichonisumbua ni mguu wangu wa kushoto.

Boxer yangu ilikuwa na gia nne, zote unakanyaga mbele. Honda ina sita: ya kwanza chini, zilizobaki unainua kwa kidole. Siku ya kwanza, barabara ya Kasapa, niko gia ya pili, injini imeanza kulia, mguu ukakanyaga chini kwa mazoea. Ikaingia ya kwanza. Tairi la nyuma likapiga yowe, mkia ukacheza huku na huku, wanafunzi wa chuo kikuu wakashangilia. Walidhani nafanya maonyesho.

Breki nazo. Za Boxer ni za ngoma, na ya mbele nilikuwa naigusa kwa heshima tu. Nguvu zote mguuni. Honda mbele ina diski mbili na hizo ndizo zinazokusimamisha hasa. Ikabidi nianze darasa la kwanza. Jumapili asubuhi, uwanja mtupu, naipeleka 40, nashika breki polepole halafu nabana, narudia. Fundi wangu alikaa juu ya ndoo akitafuna mkate na karanga. Mwishowe akauliza, "Yaya, ile ya kwanza ulikuwa najua kuendesha, ao ulikuwa nakaa tu yulu?"

Nikaiva, au niliamini nimeiva. Barabara ya Likasi ikawa raha tupu. Lori likionekana, unapindua mkono kidogo, limeshabaki kwenye kioo. Gia ya tatu tu mia imepita, na bado zimebaki tatu.

Siku moja, kabla ya kuingia Likasi, mbele yangu mzee alikuwa anasukuma baiskeli yenye magunia ya makala, yaani mkaa, yamepanda kumzidi kimo. Aliniona. Tulitazamana kabisa. Akavuka. Na mimi ningevuka, kwa sababu taa moja inayokuja kwa mbali mtu wa huku anaijua: hiyo ni moto, inakuja na 50, nafasi ipo. Mimi nilikuwa na 110. Nilibana kama nilivyojifunza uwanjani, mkia ukajinyanyua kidogo, tukasimama hatua nne hivi kutoka kwenye gunia la mwisho. Mzee hakunitukana. Alinitazama, akaitazama Honda, akasema taratibu, "Papa, nilizani ni moto."

Sikuwa na jibu. Nilimsaidia kusukuma hadi ng'ambo, mikono yangu ikitetemeka kuliko yake. Siku hizi nikiona baiskeli, mtoto au mbuzi, nashuka hadi 50 mapema, hata lori nililolipita likinipita tena.

Hiyo "papa", yaani baba, sasa ndiyo imenishika. "Yaya" amebaki fundi peke yake. Polisi wa barabarani, waliokuwa hawanitazami, wananiita patro, yaani bosi, na kunikumbusha kwamba jua ni kali. Nyanya sokoni zimepanda, kwangu mimi tu. Na hakuna tena anayenisimamisha nimpeleke Kenya.

Halafu Novemba mvua ikaanza. Honda ilinilalia getini kwangu, asubuhi, kwenye tope kama sabuni. Najua namna ya kuiinua: unaigeuzia mgongo, unachuchumaa, unaegemea kiti, unasukuma kwa miguu. Kwenye saruji inakubali. Kwenye tope niliteleza nikakaa chini pembeni yake, tukalala wawili hadi majirani watano walipokuja.

Siku hizi kukinyesha inabaki barazani imefunikwa turubai, nami nampigia simu kijana wa Boxer anipeleke kazini. Ananitoza bei ya abiria yeyote, na tukifika kwenye matope ananiambia nishuke nisukume.